Simu Iliyofungwa kwa Mtandao Mmoja: Yapasayo Kujulikana na Wanunuzi wa Kericho na Bomet

Simu iliyofungwa ni simu nzima kwa kila hali. Kioo chake king'avu, betri yakaa na chaji, kamera yapiga picha safi. Kasoro yake ni moja tu: haikubali laini ya kampuni yoyote isipokuwa ile iliyoiuza mwanzo. Ukitia laini ya Safaricom yakwambia laini haikubaliki. Ukitoa ukatia ya Airtel, jawabu ni lile lile. Simu hiyo haikuibwa wala haikuharibika. Imetiwa kufuli, na mwenye ufunguo yuko mbali.

Makala haya yaangalia jambo hili kwa macho ya mtu aliyeko nyanda za chai za Kericho na Bomet. Watu wetu wa Pwani wako huko si haba. Kuna madereva na matanboi wa malori yanayoteremsha chai kuja Mombasa, ambako mnada wa chai umekaa tangu mwaka 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi. Kuna walimu, wauzaji nguo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga. Simu za mkono wa pili zinazouzwa Mombasa nazo hupanda juu hadi Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet mjini. Mwenye kuuza huku na mwenye kununua kule wote yafaa wajue wanachokishika.

Na lililo muhimu zaidi: huko kwenye chai, kama huku kwetu, simu ndiyo mfuko wa fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, laini imekuwa ni benki ya mtu asiye na benki. Mchuma chai aliyetoa akiba ya miezi kadhaa akanunua simu isiyokubali laini yake, hakukosa mazungumzo peke yake. Amekosa pa kupokelea fedha, pa kulipia karo, na pa kumtumia mama yake chochote nyumbani.

Kufuli la mtandao hufanya kazi vipi

Kila laini ina namba ndani yake inayosema ni ya nchi gani na ya kampuni gani. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: Kenya ni 639. Zinazofuata ni za kampuni: Safaricom ni 02, Airtel ni 03, Telkom ni 07. Simu inapowashwa huisoma namba hiyo. Simu isiyofungwa huipokea na kwenda kutafuta mnara. Simu iliyofungwa huilinganisha kwanza na orodha iliyowekwa kiwandani. Namba ikiwa haimo kwenye orodha, simu hukataa kujiunga na mtandao hata ukiwa umesimama chini ya mnara wenyewe.

Mbona kampuni ifanye hivyo? Jawabu ni bei. Katika nchi kama Marekani, kampuni ya simu huuza simu kwa bei ya chini kuliko thamani yake, ikitarajia kurudisha hasara kwa malipo ya mteja ya kila mwezi. Mteja wa mkataba amefungwa na saini yake, akikimbia adaiwa. Mteja wa malipo ya kabla hana mkataba. Hutia kredo anapotaka na kuacha anapotaka. Kwa hivyo kampuni hufunga simu badala ya kumfunga mtu. Ndio maana simu ya malipo ya kabla iliyotoka Marekani, ile ya bei rahisi inayoning'inia kwenye maduka makubwa, mara nyingi hufungwa kwa muda mrefu kuliko simu ya mkataba.

Hapa Kenya mambo yalikwenda njia nyingine. Takriban laini zote za nchi hii ni za malipo ya kabla, na simu watu hununua kwa fedha zao, bei kamili, kwa muuzaji yeyote. Mkenya hubeba laini mbili na kuhama kutoka moja hadi nyingine kufuata bei ya bando na nguvu ya mtandao. Kufuli la mtandao lilionekana zaidi kwenye zile modemu za kuchomeka kwenye kompyuta na kwenye baadhi ya simu zilizouzwa na kampuni za mtandao kwa bei ya promosheni. Aprili 2011 Kenya ilianzisha utaratibu wa kuhamia mtandao mwingine ukiwa na namba yako ile ile. Lakini utaratibu ule wahamisha namba peke yake. Kufuli lililomo ndani ya simu halihusiki nao.

Makufuli matatu, msiyachanganye

Wanunuzi wengi husema tu "simu imelokiwa" na fundi naye huitikia "leta nitaifungua". Hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu kuna makufuli matatu tofauti na dawa zake ni mbalimbali.

La kwanza ni kufuli la mtandao, hilo tulilolieleza. Simu yafunguka, yaingia kwenye waifai, yapiga picha, ila laini yakataliwa.

La pili ni kufuli la mkopo. Hili ndilo lililoenea Kenya siku hizi. Simu imechukuliwa kwa malipo ya kidogo kidogo, na mwenye kuikopa akiacha kulipa kioo hujifunga chenyewe kikaonyesha jina la mkopeshaji na namba ya kulipia. Hapa laini haina makosa yoyote. Kilichofungwa ni simu yote.

La tatu ni kufuli la akaunti. Simu imefutwa yote, na ikiwashwa yadai barua pepe na neno la siri la mwenyewe wa kwanza, iwe ni akaunti ya Google au ya Apple. Mara nyingi simu ya namna hii imeibwa au imeokotwa. Kama muuzaji hawezi kutia neno la siri hapo mbele yako, mrudishie simu yake uende zako.

Simu zinazokuja na jamaa kutoka nje

Kericho na Bomet ni nchi ya wakimbiaji na wasomi. Vijana wengi wa huko wamekwenda Marekani kwa mbio na kwa masomo, na wakirudi likizo hubeba simu za kugawa. Nasi Pwani twazipata za Marekani, za Uingereza na za Ghuba. Kila upande una tabia yake.

Marekani ndiko kwenye makufuli mengi. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2014 iliruhusu mteja kuifungua simu yake aitumie mtandao mwingine, lakini masharti ya lini kampuni imfungulie yamebaki kutofautiana. Kwa simu za malipo ya kabla, kampuni kadhaa hutaka simu iwe imetumika miezi sita, na nyingine mwaka mzima. Na muhimu hapa ni neno kutumika. Simu ikae kwenye mtandao wao, na laini yake ilipiwe muda wote huo. Binamu akiinunua dukani Jumatatu na kupanda ndege Ijumaa, simu hiyo haijatimiza sharti, na kukaa kabatini kule Kapkatet miaka miwili hakutaifanya ilitimize.

Kwa hivyo wosia kwa jamaa aliyeko ng'ambo ni mfupi. Anunue simu isiyofungwa tangu dukani, hata kama bei yaongezeka. Kama tayari anayo iliyofungwa, aombe ifunguliwe kabla ya kusafiri, angali ana laini yake na akaunti yake kule. Simu nyingine za Kimarekani hufunguliwa kwa programu iliyomo ndani yake yenyewe, na jambo hilo ni jepesi zaidi akiwa kule kuliko akiwa Kipkelion.

Uingereza iliwapiga marufuku wauzaji kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021, na Kanada ilitangulia Desemba 2017. Simu mpya za nchi hizo hazina shida hiyo. Lakini zile za mkono wa pili zinazouzwa kwetu kama simu za Uingereza nyingine ni za kabla ya tarehe hizo, nazo zaweza kuwa bado zina kufuli. Muuzaji akikwambia "hii yatoka Uingereza" mjibu kwamba wataka kujua ilitoka mwaka gani.

Za Ghuba kwa kawaida hazifungwi mtandao. Kasoro yake huwa nyingine. Kwa mfano, iPhone zilizouzwa Falme za Kiarabu hukosa FaceTime. Hilo halizuii laini wala M-Pesa.

Kuna na jambo jipya la kuangalia. iPhone 14 na nyingi zilizofuata zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa. Hutumia eSIM, laini isiyoshikika kwa mkono. Mitandao mikubwa ya Kenya hutoa eSIM, lakini mkulima aliyezoea kuchomoa laini na kuitia kwenye simu ya mkewe betri ikiisha atajiona amefungwa kwa namna nyingine.

Ikifunguka, je, itashika mnara?

Hili wauzaji hawalisemi, pengine kwa kutolijua. Simu yaweza kuwa haina kufuli lolote na bado ikawa ni taabu tupu kwenye milima ya chai.

Sababu ni masafa. Kila simu imetengenezwa kusikia masafa fulani ya redio na kuwa kiziwi kwa mengine. Hapa Kenya mtandao wa 4G hutegemea sana masafa ya 800 na 1800, yaitwayo bendi ya 20 na bendi ya 3. Haya ya 800 ndiyo yafikayo mbali na kupenya vizuri zaidi, nayo ndiyo faraja ya mtu aliyeko bondeni Konoin au nyuma ya kilima Mogogosiek, ambako mnara uko ng'ambo ya pili ya mashamba. Simu rahisi za Marekani zilitengenezwa kwa masafa ya kwao, na nyingi hazina bendi ya 20. Mwenye simu kama hiyo atapata 4G mjini Kericho, na akirudi kijijini abaki na mtandao dhaifu au asipate kabisa, huku jirani yake mwenye simu ya shilingi elfu nane iliyouzwa kwa soko letu atazama video.

Kwa hivyo pamoja na kuuliza kama simu imefunguliwa, uliza namba ya modeli. Iandike kwenye intaneti pamoja na neno "bands" na uangalie kama bendi ya 3 na ya 20 zimo. Ni kazi ya dakika mbili. Ukubwa wa jina la simu haukusaidii kitu hapo: modeli moja huweza kutolewa kwa sura tano, kila sura na soko lake.

Namna ya kuipima kabla ya kutoa fedha

Usinunue simu kwa kuiona ikiwaka. Fanya haya yafuatayo, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

1. Nenda na laini mbili za kampuni mbili tofauti, zote zikiwa na kredo. Zima simu, tia laini ya kwanza, washa. Kisha fanya vivyo hivyo kwa ya pili. Kama simu ina matundu mawili, jaribu matundu yote mawili.

2. Usitosheke na alama za mtandao juu ya kioo. Piga simu, pokea simu, fungua menyu ya M-Pesa uangalie salio, kisha zima waifai na ufungue ukurasa wa intaneti kwa bando lako mwenyewe.

3. Jihadhari na ujanja mmoja. Simu iliyofungwa, ikiwa na laini yake ya asili ya nchi ya nje, yaweza kushika mnara wa Kenya kama mgeni na kuonyesha alama zote za mtandao. Muuzaji atakuonyesha hizo alama. Mwambie aitoe laini hiyo, utie yako.

4. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ilinganishe na ile iliyoko kwenye mipangilio ya simu, na kama kuna boksi, ilinganishe na ya kwenye boksi. Zikitofautiana, ondoka.

5. Kwa iPhone, fungua Settings, kisha General, kisha About, ushuke hadi mstari wa Carrier Lock. Lazima usome "No SIM restrictions". Kama kuna maneno mengine, simu imefungwa, hata kama sasa hivi yapiga.

6. Ichunguze laini inapotolewa. Kuna kijikadi chembamba kama utando kinachobandikwa pamoja na laini ili kuidanganya iPhone iliyofungwa. Simu itafanya kazi leo, na siku itakapopata sasisho au kufutwa upya itagoma. Simu ya namna hiyo haijafunguliwa, na bei yake isiwe ya simu iliyofunguliwa.

7. Mwombe muuzaji aifute simu yote mbele yako, kisha muiwashe upya ikiwa kwenye intaneti mpaka ifike mwisho wa matayarisho. Jaribio hili moja hufichua kufuli la akaunti, kufuli la mkopo, na ule utando, kwa pamoja.

8. Chukua risiti yenye tarehe, jina la duka, namba ya IMEI, na maneno "inakubali laini zote". Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kufungua kwa njia iliyo sawa

Njia ya kwanza na iliyo bora ni kampuni iliyoiuza simu. Mwenyewe wa asili, yule aliyeinunua kule, aiombe akitumia akaunti yake na IMEI ya simu. Kama masharti yametimia, hufunguliwa bila malipo au kwa ada ndogo. Kwa simu nyingi za Android zilizofungwa kwa namba, kampuni hutoa namba ya siri ambayo huiandika simu inapoidai baada ya kutiwa laini ngeni. Kwa iPhone hakuna namba ya kuandika. Idhini hutiwa kwenye kumbukumbu za Apple, kisha simu huipata ikiunganishwa na intaneti.

Njia ya pili ni fundi. Mafundi wapo, kuanzia Mombasa hadi stendi ya Kericho, na wengine ni hodari kweli kweli. Lakini jua mipaka yao. Namba ya siri ya kufungulia ina idadi ya majaribio. Fundi akibahatisha mara kadhaa, simu yaweza kujifunga moja kwa moja isikubali tena hata namba iliyo sahihi. Mwambie kabla hajaigusa: nitakulipa ikisha kukubali laini yangu, na kama huna namba ya hakika usijaribu.

Na kuna mstari usiovukwa. Kufungua kufuli la mtandao ni jambo moja, kubadilisha IMEI ni jingine. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya yasema kwamba mtu asiye mtengenezaji wa simu au wakala wake akibadilisha IMEI ya simu ametenda kosa la jinai, na adhabu yake ni pamoja na kifungo. Fundi akikwambia "nitaipa namba mpya," chukua simu yako uondoke. IMEI ndiyo inayotambulisha simu iliyoibwa, na mwaka 2012 Wakenya waliona simu bandia zikizimwa kwa kutumia namba hiyo hiyo.

Wengine wameuliza kuhusu ilani ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Oktoba 2024, iliyotaka IMEI za simu zinazoingia nchini zitangazwe kwa ajili ya ushuru. Jambo hilo lilipelekwa mahakamani, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ilani hizo zilikuwa kinyume cha Katiba. Hata hivyo kuweka risiti ya simu iliyotoka nje ni tahadhari isiyo na hasara.

Simu isiyofunguka, ifanyweje?

Si lazima itupwe. Simu iliyofungwa mtandao bado ni kompyuta ndogo. Kwenye waifai yafanya kila kitu kinachohitaji intaneti. WhatsApp huweza kuwekwa humo kwa kutumia namba ya laini iliyoko kwenye simu nyingine, kwani ujumbe wa kuthibitisha huingia kwenye hiyo nyingine. Wengi hufanya hivi: laini yakaa kwenye kabambe kwa M-Pesa na mazungumzo, na simu kubwa hupata intaneti kwa kuvutiwa kutoka simu ya pili au kutoka waifai ya shuleni au dukani. Mwanafunzi wa Kabianga aweza kuisomea. Mtu anayepokea malipo yake kwa simu asiifanye kuwa simu yake ya pekee.

Na mwenye kuiuza simu kama hiyo aseme wazi kwamba imefungwa na apunguze bei. Kuficha aibu ya bidhaa ni dhuluma, na mnunuzi akigundua kesho jina la duka huenda nalo.

Simu za mkopo na kalenda ya majani chai

Sasa tuje kwenye kufuli la pili, linalowagusa wengi zaidi. Julai 2020 Safaricom pamoja na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: mteja alitoa shilingi 1,000 za mwanzo, kisha shilingi 20 kila siku kwa miezi tisa. Kampuni nyingine za mkopo wa simu, M-KOPA na Watu zikiwemo, zina mawakala miji mingi ya nchi. Mipango hii imewapa simu ya kisasa watu ambao wasingeweza kutoa fedha zote kwa mkupuo. Hilo ni jema na lisemwe.

Lakini hesabu ifanywe. Shilingi 20 kwa siku ni kitu kidogo mdomoni. Miezi tisa ni kama siku 270, na 20 mara 270 ni shilingi 5,400. Ongeza 1,000 za mwanzo, jumla ni 6,400. Mpango wowote ule utakaoletewa, fanya hesabu hiyo hiyo: malipo ya siku mara idadi ya siku, ongeza ya mwanzo. Kisha uliza bei ya simu ile ile kwa fedha taslimu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo bei ya kungojewa. Ukiridhika nayo, chukua. Usipoijua, usitie saini.

Nyanda za chai zina jambo lake la pekee hapa. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipwa kwa mwezi kwa kila kilo, na malipo makubwa ya mwaka, yaani bonasi, huja kama mwezi wa Oktoba. Mchuma wa kibarua hulipwa kwa kilo alizochuma. Kiangazi cha mwanzo wa mwaka majani hupungua, na baridi kali ikileta jalidi hupungua zaidi. Mapato yaja kwa mwezi na kwa msimu, na deni la simu ladai kila siku. Kufuli halijui kwamba mvua haijanyesha.

Kwa hivyo mwenye kuchukua simu ya mkopo kule afuate utaratibu wa fedha yake. Siku ya malipo ya mwezi alipe siku zote 30 kwa pamoja, kama mkopeshaji aruhusu kulipa mbele, na alipe kabla fedha haijaingia sokoni. Kama bonasi yatosha kumaliza deni, aulize kwanza: nikilipa yote leo, nitapunguziwa au nitalipa ile ile? Akimaliza, adai uthibitisho kwamba kufuli limeondolewa, auhifadhi, kisha aifute simu na kuiwasha upya ili ahakikishe.

Na anunuaye simu ya mkono wa pili ajue hatari hii: kuna watu huchukua simu ya mkopo, hulipa wiki mbili, kisha huiuza sokoni kwa bei poa. Siku chache baadaye kioo chajifunga mikononi mwa mnunuzi. Kuifuta simu hakusaidii, kwani imesajiliwa kwa IMEI yake, na kufuli hurudi mara simu inapogusa intaneti. Aliyeuza hapatikani, na mkopeshaji hamjui mnunuzi. Jaribio la saba hapo juu ndilo kinga yake.

Haki ya mnunuzi, na lililobaki kufanywa

Mnunuzi ana haki ya kuelezwa ukweli wa bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 yakataza maelezo ya uongo katika biashara, na kuuza simu iliyofungwa kwa kusema imefunguliwa ni maelezo ya uongo. Malalamiko yaanzie dukani, kwa maandishi na risiti. Yakihusu kampuni ya mtandao na isisikie, yaende kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Mkopeshaji akiwapigia jamaa zako kuwatangazia deni lako, pa kwenda ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya mwaka 2019. Na tangu Desemba 2024 sheria imepanua mamlaka ya Benki Kuu ya Kenya juu ya wakopeshaji wasiopokea amana, kwa hivyo yafaa kuuliza kama aliyekukopesha ana leseni.

Maoni yangu ni kwamba sheria hizi huja baada ya mtu kuumia. Kingalikuwapo kitu kimoja cha kabla, kingalisaidia zaidi: kila simu inayouzwa Kenya, mpya au ya mkono wa pili, iandikwe waziwazi kwenye boksi na kwenye risiti kama yakubali laini zote, kama ina deni, na kama ina masafa yatumikayo hapa. Uingereza na Kanada zimekwenda mbali zaidi, zimepiga kufuli lenyewe marufuku. Sisi hata maandishi bado hatujayadai.

Mpaka siku hiyo, kinga ni ya mnunuzi mwenyewe, nayo haigharimu kitu. Laini mbili mfukoni, dakika kumi za subira, na ujasiri wa kumwambia muuzaji "ifute tuione upya". Mwenye duka atakayekataa amekwisha kukujibu.